Picha la joka lililojaa vikao: kwa nini watazamaji wa Shin Godzilla hawaelewani

"Sasa steringi ni nani hapa?" Ndilo swali la kwanza la mtu aliyeketi kuiangalia Shin Godzilla, filamu ya Kijapani ya joka Godzilla, bila kuambiwa chochote kabla. Ni swali la haki. Sisi tuliokulia kwenye mabanda ya video tunajua kwamba picha ina steringi, ina adui, na kati yao kuna kisasi ambacho lazima kilipwe kabla mkanda haujaisha. Hapa unaona wanaume wenye suti wakitoka chumba kimoja cha kikao wakiingia kingine, wanainamiana, wanafungua mafaili, wanaahirisha, wanaanza upya. Joka lenyewe linakuja, linabomoa, linaondoka, na vikao vinaendelea.

Filamu hiyohiyo ilipotoka Japani tarehe 29 Julai 2016, watu walijaa kumbini hadi ikaingiza zaidi ya yen bilioni 8. Mwaka uliofuata ilizoa tuzo 7 za Akademi ya Japani, zikiwemo za filamu bora na uongozaji bora. Marekani ilionyeshwa Oktoba 2016 katika kumbi chache na haikufikisha hata dola milioni 2. Tangu hapo ubishi haujaisha. Wapo wanaosema ni Godzilla bora kuliko wote baada ya yule wa kwanza wa mwaka 1954, na wapo wanaosema hawakuweza hata kuimaliza.

Nimewasikiliza wa pande zote mbili kwa muda mrefu, na kilichonishangaza ni kwamba wanazungumzia mambo yaleyale. Anayelalamika analalamikia vikao, na anayesifu anavisifu vikao hivyohivyo. Mmoja anaudhika kwamba magari ya ujenzi ndiyo yanayoliangusha joka, mwenzake machozi yanamlenga akiyaona magari hayo. Kwa hiyo tofauti haiko kwenye filamu tu, iko pia kwenye kumbukumbu ambayo kila mtu anaingia nayo ukumbini. Naomba nieleze kumbukumbu hiyo ni ipi. Itanibidi nisimulie kisa hadi mwisho, basi kama hujaiona na hutaki kuharibiwa utamu, iangalie kwanza.

Kisa kinaanza na boti ya profesa mmoja iliyotelekezwa katika Ghuba ya Tokyo. Maji yanachemka, na handaki la barabara linalopita chini ya bahari linaanza kuvuja. Serikali inaitana. Wakubwa wanaafikiana kwamba hiyo ni volkano ya chini ya maji. Kijana mmoja, Rando Yaguchi, Naibu Katibu Mkuu wa Baraza la Mawaziri, anathubutu kusema huenda ni kiumbe hai, na anakanywa asilete mzaha kikaoni. Muda si mrefu mkia unaonekana kwenye televisheni. Wanaitwa maprofesa watatu kutoa ushauri, na wote wanazunguka mbuyu, hakuna anayetaka jina lake lifungwe kwenye jibu. Waziri Mkuu anasimama mbele ya vyombo vya habari kuwatuliza wananchi kwamba dude hilo haliwezi kupanda nchi kavu. Bado yuko pale pale mbele ya kamera anapopenyezewa habari kuwa limeshapanda.

Mjapani aliyeketi ukumbini mwaka 2016 alikuwa ameshayaona yote hayo, na hakuyaona sinema.

Tarehe 11 Machi 2011, saa 8:46 mchana, tetemeko la kipimo cha 9.0 liliipiga pwani ya kaskazini mashariki ya Japani. Tsunami iliyofuata ilichukua miji mizima, na zaidi ya watu 18,000 walikufa au hawakuonekana tena. Katika kituo cha nyuklia cha Fukushima Daiichi umeme wa kupozea vinu ulikatika, na vinu 3 vikayeyuka kwa ndani. Siku zilizofuata taifa zima lilikuwa mbele ya televisheni likimtazama Yukio Edano, Katibu Mkuu wa Baraza la Mawaziri, akitoa taarifa usiku na mchana ndani ya sare ya bluu ya kazi ambayo viongozi wa nchi hiyo huvaa wakati wa maafa. Alionekana amechoka kiasi kwamba watu mtandaoni walianza kumwandikia: Edano, nenda kalale. Na neno lililosikika kila mahali kwa viongozi na wataalamu lilikuwa soteigai, yaani jambo ambalo halikuwamo kwenye hesabu zetu.

Rudi sasa kwenye filamu. Mara tu janga linapotangazwa, mawaziri wanavua makoti ya suti na kuvaa sare zilezile. Mtazamaji wa nje anaona watu wamebadili nguo tu. Mtazamaji wa Japani anasikia tumbo likimkata.

Joka linapoingia kwa mara ya kwanza halionyeshwi likitembea kwa fahari. Linajisukuma kwenye mto mwembamba, na mbele yake kuna rundo la mashua zinazobingirishwa, zinapandana, zinapasua kingo za mto na kumwagika barabarani juu ya magari. Mwongozaji hakuhitaji kuweka neno tsunami popote. Baadaye inagunduliwa kwamba njia lilikopita imeachwa na mionzi. Na mwisho kabisa, dawa ya kuligandisha inapoingizwa mdomoni mwake, inaingizwa na magari ya kusukumia zege, yale yenye mikono mirefu inayokunjuka kama shingo za twiga. Mwaka 2011 magari ya aina hiyohiyo ndiyo yaliyopelekwa Fukushima kumwagia maji vinu vilivyokuwa vinaungua. Huko nje watu wanauliza, joka la mita 118 na nusu linaangushwaje na vifaa vya fundi ujenzi? Aliyekesha Machi ile akiomba maji yafike kwenye kinu hana haja ya kuuliza.

Kwa hiyo vikao havikuwekwa kujaza muda wakati watengenezaji wanasubiri joka. Kinachotisha katika filamu hii ni urefu wa ngazi ambazo neno moja linapanda na kushuka kabla mtu hajaokolewa. Hideaki Anno, aliyeiandika na kuiongoza akishirikiana na Shinji Higuchi, anajulikana zaidi kwa katuni ya Neon Genesis Evangelion, na ameipiga picha serikali kama mtu anavyopiga picha mashine: miguu ikikimbia koridoni, mashine za kunakili, viti vya magurudumu, simu, chai. Jina la Edano mwenyewe limo kwenye orodha ya waliotoa msaada wa utafiti, mwishoni mwa filamu.

Kuna tukio moja ambalo ningependa tulikaribie, kwa sababu ugomvi wote umo ndani yake. Helikopta za Jeshi la Kujihami zimejipanga hewani mbele ya joka. Bunduki ziko tayari. Amri ya kufyatua imeshatafutwa kwa taabu, imeshapatikana. Ghafla kunaonekana watu wawili kwenye makutano ya reli, mmoja amembeba mzee mgongoni, wanajikokota, wamechelewa kuhama. Swali linapanda: tufyatue? Linatoka helikopta kwenda kwa kamanda, kwa mkubwa wake, kwa Waziri wa Ulinzi, hadi kwa Waziri Mkuu, mzee mpole ambaye tangu mwanzo anaonekana kutamani mtu mwingine aamue. Wote wanamgeukia. Anasema hapana, silaha za jeshi hili haziwezi kuelekezwa kwa wananchi wake. Neno linashuka ngazi zilezile. Helikopta zinaondoka, na joka linajirudia zake baharini.

Baadaye linarejea, limekua zaidi ya maradufu, na maelfu wanakufa, Waziri Mkuu huyo akiwa miongoni mwao.

Hapo ndipo watazamaji wanapogawanyika. Kuna wanaosema: angefyatua siku ile, Tokyo ingepona, kwa ajili ya watu wawili jiji limeteketea. Kuna wanaosema: nchi ambayo kiongozi wake anasitasita kumpiga risasi bibi kizee mgongoni mwa mtu bado ni nchi inayofaa kuokolewa. Filamu haikupi jibu wala muziki wa kukuelekeza. Mimi nimeiona zaidi ya mara moja, na kila mara nimejikuta upande wa Waziri Mkuu, nikijua kabisa gharama iliyofuata.

Uzito wa tukio hilo unaongezeka ukijua sheria. Katiba ya Japani ya mwaka 1947, katika kifungu cha 9, inakataa vita kama njia ya kutatua migogoro. Jeshi la Kujihami liliundwa mwaka 1954, mwaka uleule Godzilla wa kwanza alipotoka, na amri ya kulipeleka vitani kuilinda nchi haijawahi kutolewa hata mara moja. Ndiyo maana wahusika wanahangaika: dude hili ni adui, ni janga la asili, au ni mnyama mharibifu anayepaswa kuwindwa? Kwa mtazamaji wa kwingine mjadala huo ni upuuzi wa watu wa ofisini. Japani ulizungumzwa hadi na wanasiasa. Shigeru Ishiba, aliyewahi kuwa Waziri wa Ulinzi na miaka 8 baadaye akawa Waziri Mkuu, aliandika mwezi uliofuata kwamba haelewi kwa nini filamu ilitumia amri ya ulinzi wa taifa. Kwa maoni yake Godzilla, hata awe na nguvu kiasi gani, ni sawa na janga la asili, na jeshi lingepaswa kwenda kama linavyokwenda kwenye maafa. Fikiria mtu aliyewahi kuongoza wizara hiyo anapoandika kwa dhati juu ya vifungu vya kutumia dhidi ya joka. Filamu ilikuwa imegusa mahali penyewe hasa.

Lugha nayo inawatenga watu. Kila mhusika anapotokea, jina na cheo chake vinaandikwa kwenye kioo. Kila chumba, kila daraja, kila aina ya kifaru na kombora, vyote vina maandishi. Waigizaji zaidi ya 300 wanapita hapo, wengine kwa sentensi moja tu, na wanazungumza kwa kasi ya mtu anayesoma mkataba kabla ofisi haijafungwa. Asiyejua Kijapani anapata tafsiri ya maneno chini ya kioo, tafsiri ya vyeo juu yake, na katikati kuna sura ambayo hakupata nafasi ya kuitazama. Nimewaona watu wakilaumu filamu kwamba inachosha, kumbe kilichochoka ni macho. Mjapani mwenyewe hasomi yote yale, wala hakutakiwa ayasome. Yanamwagwa hivyo ili ahisi uzito wa ofisi ilivyo, na majina marefu ya kamati ni kichekesho kwake. Kichekesho hicho hakivuki bahari. Mtafsiri wa banda, wale wetu wanaoweka Kiswahili juu ya filamu za watu, angeweza kufanya kitu ambacho maandishi hayawezi. Angechagua la kusema, la kuacha, na angeteremsha sauti pale panapochekesha.

Kuna lawama moja ya lugha ambayo siwezi kuitetea. Mhusika Kayoko Patterson ni mjumbe wa Marekani mwenye asili ya Kijapani, mwanamke anayetajwa kuwa na ndoto ya kuwa Rais. Kiingereza chake hakifanani na cha mtu aliyekulia Marekani, na kila mtazamaji anayejua lugha hiyo anatolewa nje ya hadithi anapofungua mdomo. Msichana wa watu, Satomi Ishihara, alijitahidi sana. Waliomwandikia sehemu hiyo ndio waliopaswa kuliona hilo mapema.

Halafu kuna sura ya joka lenyewe. Linapopanda nchi kavu kwa mara ya kwanza halifanani na Godzilla anayejulikana. Halina mikono ya maana, linaburura kifua, macho ni mviringo kama ya samaki sokoni, hayapepesi, na shingoni kuna matamvua yanayomwaga damu barabarani. Wengi hucheka. Wengine husema hela ziliwaishia. Japani lile umbo walilipa jina la kubembeleza, Kamata-kun, kutokana na mtaa wa Kamata ulio kwenye njia yake, na midoli yake ikauzwa. Mimi naona kicheko kile kina kazi yake. Unamcheka mnyama anayeumia, asiyejua ana kazi gani duniani, na saa moja baadaye unajuta kwamba ulicheka.

Maana kuna usiku ule. Hata wasioipenda filamu hii wanakubaliana juu ya usiku ule. Ndege za Marekani zimemtoboa mgongo Godzilla kwa mabomu. Anainamisha kichwa. Taya inafunguka kuliko inavyopaswa, unatoka moshi mzito unaojaza mitaa, moshi unageuka moto, moto unakonda hadi unakuwa uzi wa mwanga wa zambarau unaokata maghorofa kama kisu kinavyokata papai. Mwanga unatoka hata mgongoni na kuzifuata ndege angani. Helikopta iliyombeba Waziri Mkuu na mawaziri wake inapotea. Muziki hauna ngoma wala tarumbeta za vita, ni sauti ya mwanamke inayoimba kwa huzuni. Kisha mwanga unamwishia, anasimama kimya katikati ya moto alioufanya. Mienendo yake ilichukuliwa kutoka mwilini mwa Mansai Nomura, mwigizaji wa kyogen, maigizo ya jadi ya Kijapani, na hiyo labda ndiyo sababu anasimama kama mtu aliye ibadani. Mwaka 1954 ilikuwa kazi ya Haruo Nakajima ndani ya vazi zito la mpira akikanyaga mji mdogo wa kuchezea.

Baada ya usiku ule filamu inabadilika, na wengi waliokata tamaa mapema hawakuifikia sehemu hii. Mawaziri wamekufa. Anayeteuliwa kukaimu uwaziri mkuu ni mzee wa Wizara ya Kilimo ambaye hakuwa kwenye fikra za mtu yeyote. Analetewa taarifa nzito na anatazama bakuli lake la tambi: zimeshalainika, hazifai tena kula. Alijua kazi hii haitakuwa rahisi. Watu wanamcheka. Mzee huyohuyo ndiye atakayeinama mbele ya balozi wa Ufaransa, akainama sana, kuomba muda, kwa sababu mataifa makubwa yameamua kuliua joka kwa bomu la nyuklia katikati ya Tokyo. Picha za Hiroshima na Nagasaki zinapita kwenye kioo kwa sekunde chache. Wakati huohuo kikosi cha Yaguchi, watu waliochoka na wasiopendwa maofisini mwao, wanalala sakafuni na kuamka kuhesabu tena lita za dawa.

Nisije nikaonekana kusema kwamba Wajapani wote waliipokea kwa moyo mmoja. Sivyo. Kulikuwa na maonyesho maalumu ambamo watu waliruhusiwa kupiga kelele na kuwashangilia maofisa kama wanavyoshangilia timu. Septemba 2016, Waziri Mkuu Shinzo Abe aliitaja filamu hiyo mbele ya maofisa wa juu wa jeshi, akigusia jinsi wanajeshi wanavyoonyeshwa kishujaa. Kuna waliofurahi na kuna waliotishika. Wakosoaji waliuliza: tangu lini Godzilla, aliyezaliwa kama kilio cha wanyonge, akawa wimbo wa kuisifu serikali? Na wananchi wako wapi? Tunawaona wakikimbia, wakipanga foleni, wakilala kwenye vituo vya uokoaji, lakini hakuna hata mmoja tunayemjua jina.

Hii ndiyo lawama ninayoiona nzito kuliko zote. Filamu ya mwaka 1954, iliyoongozwa na Ishiro Honda miezi michache baada ya wavuvi 23 wa mashua ya Daigo Fukuryu Maru kuangukiwa na majivu ya bomu la majaribio la Marekani kule visiwa vya Bikini, Bahari ya Pasifiki, ina mama mmoja ameketi chini ya ukuta, amewakumbatia watoto wake, anawaambia watakuwa na baba yao sasa hivi. Yuko kwenye kioo kwa muda mfupi mno, na watu hawajamsahau kwa miaka 70. Shin Godzilla haina mama yule. Yule bibi wa mgongoni ndiye aliye karibu naye, na hatuoni hata uso wake vizuri.

Pengine ndiyo maana Godzilla Minus One ya mwaka 2023 ilipenya pale ambapo hii ilikwama. Takashi Yamazaki alileta rubani aliyekimbia kifo, mwanamke, mtoto wa kuokota na kibanda cha mbao kwenye Tokyo iliyoungua mwaka 1945. Hapo steringi anajulikana, na deni lake unalielewa ukiwa Osaka, Mombasa au Chicago. Marekani iliingiza karibu dola milioni 56, na mwaka 2024 ikapata Oscar ya madoido ya picha. Wapenzi wa Shin Godzilla wakaanza kuambiwa, mnaona, hivi ndivyo inavyotakiwa. Silikubali hilo. Minus One inauliza mtu mmoja anaishije na aibu yake. Shin Godzilla inauliza watu elfu moja wasiofahamiana wanafanyaje jambo moja kwa wakati. Swali la pili halina uso mmoja, na haliwezi kukupa machozi ya aina ileile.

Mpango wa Yaguchi unafaulu. Treni zisizo na watu, zimejazwa mabomu, zinagonga miguu ya Godzilla. Maghorofa yanaangushwa juu yake. Magari ya zege yanasogea na kukunjua mikono. Anasimama, anapiga hatua, anaganda karibu na Kituo cha Tokyo. Hakuna anayeshangilia. Hesabu ya bomu la nyuklia haikufutwa, imesitishwa tu, na akiamka itaendelea pale ilipoachia. Jiji litaishi na lile umbo limesimama katikati yake, kama Fukushima inavyoishi na vinu vyenye mafuta yaliyoyeyuka ndani, kazi ambayo ratiba yake inahesabiwa kwa miongo.

Kisha kamera inapanda taratibu kwenye mkia, hadi kwenye ncha. Hapo kuna vitu vimechomoza kutoka kwenye nyama, vyembamba, vina mbavu, vina vidole, vina vichwa. Vinafanana na binadamu. Vimeganda katikati ya kuzaliwa. Kuna wanaosema ni wafu wa Tokyo, kuna wanaosema ni umbo ambalo Godzilla alikuwa anataka kuwa nalo baadaye, kuna wanaosema ni yule profesa aliyeacha boti yake tupu kwenye ghuba mwanzoni mwa filamu. Kamera inabaki juu yao kidogo, halafu kioo kinakuwa cheusi.